Mpunga umedumaa viraka viraka, urea haisaidii: nimwage dawa gani?

Swali: Mpunga wangu una wiki nne toka nipandikize. Kuna sehemu umekuwa wa njano na mfupi, viraka viraka, kwingine uko poa tu. Nimeweka urea mara mbili, wapi! Nimeng'oa shina moja nikakuta ncha za mizizi zimevimba na kujikunja. Maji huwa nayaacha yakauke kwanza afu najaza tena, kupunguza gharama ya pampu. Nimwage dawa gani?

Jibu: Hiyo ncha iliyovimba ikajikunja kama ndoano ndio jibu lenyewe ndugu yangu, hao ni minyoo fundo, vijinyoo vidogo sana vya kwenye udongo vinavyoingia mzizini na kuuvimbisha vifundo, na kwenye mpunga mwenye tabia hiyo ni yule anaitwa Meloidogyne graminicola. Ila hakikisha vizuri. Usivute mche kwa mkono, mana vifundo vinakatikia ardhini na wewe unabaki na mizizi inayoonekana misafi. Chimba na udongo wake, tumbukiza kwenye ndoo ya maji ulainike, afu suuza taratibu, na uchimbe pale njano inapokutana na kijani, katikati ya kiraka mizizi inakuwa ishaoza huoni kitu.

Urea acha. Chakula kipo, mdomo wa kulia ndio mbovu.

Sasa kwenye maji ndio penye shughuli. Kinyoo kichanga kinaingilia karibu na ncha ya mzizi, na jaruba likiwa limejaa maji kinashindwa kuingia, kinakaa tu kwenye udongo kinasubiri, siku ukikausha umekifungulia mlango. Na huyu wa mpunga ana ujanja wake, wenzie wengi wanatoa mayai nje ya mzizi, yeye jike anataga mamia ya mayai humo humo ndani, kwaiyo hata ukijaza maji leo vitoto vitaanguliwa na kuhamia sehemu nyingine ya mzizi ule ule bila kutoka nje, na kukiwa na joto kizazi kizima ni wiki tatu hadi nne tu. Maana yake maji hayatakutibia kilichoingia, ila yatalinda mizizi mipya inayochipua. Jaza sentimita tano hivi, zikae, usikaushe tena mpaka karibu na kuvuna. Najua pampu inakula hela, lakini kwa msimu huu sioni njia nyingine.

Dawa mi nakwambia hapana. Mzizi ulioharibika haurudi, na zile za punje kama carbofuran ni sumu kali kwa ndege, samaki na wewe unayemwaga kwa mkono, ndo mana nchi nyingi zimeipiga marufuku.

Ukishavuna usiache mabua yachipue tena, huko ndiko wanakojificha, lima mizizi igeuke juu ipigwe jua. Ng'oa na ndago pamoja na lile gugu linalofanana na mpunga mchanga, minyoo hao wanaishi kwenye mizizi ya magugu hayo pia. Ukiweza panda ufuta msimu mmoja au miwili, minyoo hao hawaupendi. Kuna wanaomwaga mbegu za mpunga kama mtego, minyoo ikishaingia wanang'oa miche yote ikiwa na wiki mbili hivi, inafanya kazi ila inataka nidhamu, ukichelewa umewafuga mwenyewe.

Ila mi ningeanzia kitaluni, mana wengi wanapandikiza ugonjwa bila kujua. Kitalu cha nchi kavu ndicho kibaya zaidi. Loanisha udongo, funika na nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga wiki nne mpaka sita kipindi cha jua kali, ndio usie mbegu. Na siku ya kupandikiza osha mizizi ya miche kumi ya sehemu tofauti uiangalie, ukiona ndoano hata kwa mmoja, hiyo miche isiingie jarubani.