Kijana wa laini ya tatu tumpime vipi kabla ya drafti?

Swali: Nafuatilia hoki ya barafuni, na kila mwaka kabla ya drafti ya NHL, ambapo timu za ligi kuu ya Amerika Kaskazini huchagua vijana kwa zamu, huwa naandika orodha yangu ya vijana. Nakwama kwa wale wa laini ya tatu na ya nne kwenye timu zilizojaa vipaji. Pointi zao (magoli pamoja na pasi za magoli) ni chache, lakini maskauti wanawasifu. Niwapimeje? Na je, timu itakayomchukua kijana inabadilisha chochote?

Jibu: Inabadilisha mengi, ila zaidi baada ya jina lake kutajwa. Kabla ya hapo kazi yako ni kutenganisha mambo mawili ambayo jedwali la pointi huyachanganya: uwezo wa kijana na nafasi aliyopewa.

Kila mechi timu huingiza watu 20, kwa kawaida makipa 2, mabeki 6 na washambuliaji 12 waliogawanywa katika laini nne. Laini hukaa barafuni kama sekunde 45 kisha inapokewa. Mshambuliaji wa laini ya kwanza hufikisha dakika 18 hadi 20 kwa mechi, wa laini ya nne 8 hadi 10. Tena wa juu ndiye anayepata zile dakika tamu, mpinzani anapokuwa pungufu kwa adhabu na ninyi mnashambulia 5 kwa 4.

Kwa hiyo usihesabu magoli kwa mechi. Hesabu magoli ya 5 kwa 5 kwa kila dakika 60. Chukua mfano wa kubuni kutoka ligi ya vijana yenye mechi 68. Kijana A ana magoli 30, lakini 14 kati ya hayo yalifungwa mpinzani akiwa pungufu. Yamebaki 16, kwa dakika 17.5 za mchezo wa kawaida kila mechi, sawa na dakika 1,190. Hiyo ni 0.81 kwa dakika 60. Kijana B ana magoli 16, moja tu la 5 kwa 4. Yamebaki 15, kwa dakika 11.5 kila mechi, yaani 782. Hiyo ni 1.15. Wengi wakifika hapa hurukia kumpandisha B, na wanakosea. B anakutana na mabeki dhaifu wa mpinzani na anaingia akiwa hajachoka. Hesabu hii inakuambia tu kwamba kijana huyu anastahili kutazamwa mechi nzima.

Ukimtazama, achana na kisahani (kile kinachochezwa badala ya mpira), mfuate yeye. Zamu sita zinatosha kuanzia. Je, anageuza kichwa kutazama nyuma ya bega kabla pasi haijamfikia? Pasi ikija kandokando ya ukuta huku beki akimkimbilia, anaituliza na kuipeleka katikati, au anaibutua mbele ili aondokane nayo? Timu yake ikipoteza, hatua zake tatu za kwanza za kurudi zina nguvu au anateleza tu? Majibu haya hayategemei dakika alizopewa. Kijana anayefunga kwa wingi lakini kila mara anabutua ukutani, hesabu kwamba magoli yake yatapungua atakapokutana na watu wazima.

Drafti ya 2020 inalionyesha jambo hili kwa uwazi kuliko nyingine ninayoweza kukutajia. Alexis Lafrenière alichaguliwa wa kwanza na New York Rangers baada ya kupata pointi 112 katika mechi 52 za ligi ya vijana akiwa na Rimouski ya Kanada. Lucas Raymond alikwenda Detroit akiwa wa nne, na msimu huo alikuwa na pointi 10 tu katika mechi 33. Kumi! Lakini alikuwa Frölunda, ligi kuu ya Sweden, akicheza na watu wazima kwa takribani dakika kumi kila mechi. Waliosoma jedwali peke yake waliona winga mdogo asiyefunga. Detroit walimwacha Sweden msimu mmoja zaidi, kisha 2021-22 akaingia na nafasi ya juu ikiwa wazi, akafunga 23 na kufikisha pointi 57.

Lafrenière yeye alikuta mlango umezibwa. Ni winga wa kushoto, na upande huo Rangers walikuwa na Artemi Panarin na Chris Kreider. Msimu wa kwanza alifunga 12, wa pili 19, wa tatu 16. Msimu wa 2023-24 wakamhamishia kulia, laini moja na Panarin na Vincent Trocheck, akafunga 28. Uhamisho huo si mwepesi kama unavyosikika. Anayeshika gongo kwa kushoto akicheza kulia, pasi za ukutani akiwa eneo lake humjia upande wa nyuma wa gongo, na kuzituliza ni kazi. Faida yake iko mbele: akikata kuingia katikati, kisahani kiko upande wake wa kupigia. Kwa hiyo unapotazama winga, andika kama anaweza pande zote mbili. Kijana wa hivyo ana milango miwili.

Je, timu ichague kwa kuangalia pengo la kikosi? Raundi ya kwanza, mimi nasema hapana. Kijana wa miaka 18 huchukua kwa kawaida miaka miwili hadi minne kufika, na pengo la leo litakuwa limezibwa. Raundi za chini ni tofauti kidogo. Pale tafuta silaha moja iliyo wazi, pamoja na kitu cha kumfaa kocha hata asipofunga: kulinda timu ikiwa pungufu, au kushinda kisahani mwamuzi anapokiangusha. Kazi hiyo ina bei. Mwaka 2020 Tampa Bay walitoa chaguo la raundi ya kwanza kumpata Blake Coleman, na jingine kumpata Barclay Goodrow ambaye hakuwahi kuchaguliwa kwenye drafti. Wakawaweka na Yanni Gourde, naye hakuchaguliwa, wakawa laini ya tatu ya timu iliyobeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, 2020 na 2021.

Baada ya drafti, angalia mechi ya tisa. Mwenye miaka 18 au 19 akicheza chini ya mechi 10 za NHL, mkataba wake wa kwanza wa miaka mitatu husogezwa mwaka mmoja mbele. Ndiyo maana uamuzi wa kumbakiza au kumrudisha hufanyika hapo. Na kijana wa miaka 18 wa ligi za vijana za Kanada, akishasaini, ni NHL au kurudi timu yake ya vijana. Aliyetoka klabu ya Ulaya anaweza kupelekwa AHL, ligi iliyo chini ya NHL. Kurudishwa si hukumu. Leon Draisaitl, wa tatu mwaka 2014, alicheza mechi 37 na Edmonton akapata pointi 9, akarudishwa. Mwaka 2020 alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi.

Makipa waweke kwenye orodha yao peke yao. Mlango wao ni mmoja, na aliyesimama hapo anaweza kukaa miaka kumi.