Uzeeni Nimeanza Kusoma Sheria, na Wewe Anza

Nimepata ujumbe kutoka kwa baba mmoja wa Makambako, mstaafu wa serikali. Anasema tangu aache kazi mchana umekuwa mrefu, majina ya watu yanampotea, na wanawe wamemnunulia televisheni kubwa ili atulie. Akaniuliza: "Mama, wewe unafanya nini mpaka akili bado inachapa kazi?" Nilimjibu kwa kifupi siku ile, lakini jibu lenyewe ni la wengi wetu tuliovuka miaka sitini. Mimi ninasoma sheria. Sitafuti cheti wala sina mpango wa kumtetea mtu mahakamani. Ninasoma ili nione sheria imejengwaje na majaji wanaielewaje, na sijapata kitu kingine kinachokishughulisha kichwa changu namna hii.

Nilikuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi. Kilichonipeleka kwenye sheria ni mpaka wa shamba. Mzee wangu alipofariki, jirani wa shamba letu la migomba kule Rungwe alianza kulima upande wetu, kidogo kidogo, kila msimu. Nikapeleka malalamiko Baraza la Kata. Kila nikienda tarehe inasogezwa: leo mjumbe kasafiri, kesho mjumbe ana msiba. Nikaingia ofisi moja kuuliza kama naweza kwenda mbele, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kijana aliyekuwa mezani hakuinua hata macho. "Bibi, bila hati ya kata hakuna kitu. Nenda nyumbani, siku nyingine uje na mtoto wako aliyesoma."

Nimezalisha akina mama usiku wa manane kwa taa ya chemli. Nimeandika ripoti ambazo madaktari walizitegemea kabla hawajamgusa mgonjwa. Neno lile linaniuma mpaka leo ninapoandika.

Mjukuu wangu anayesoma sheria chuoni akanipakulia Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, tukaichapa steshenari pale Mwanjelwa. Ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha sheria kina kona nyingi, kwa hiyo nilisoma nikiwa na kamusi mkononi. Nakala ilikuwa ya toleo la 2019, na ndani yake Baraza la Kata bado lilikuwa na mamlaka ya kuamua kesi. Nikamuuliza mjukuu: hii haijaguswa tangu hapo? Akatafuta, akarudi na marekebisho ya mwaka 2021. Kumbe kata imeondolewa mamlaka ya kuamua, imebakiziwa usuluhishi. Na ni kweli, kifungu cha 13 kinasema Baraza la Wilaya halitasikiliza shauri la ardhi mpaka kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana. Kijana wa ofisini aliishia hapo. Sheria yenyewe haikuishia hapo. Chini yake kuna sharti linaloanza na "isipokuwa": kata ikishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30 tangu shauri lifunguliwe, mlalamikaji anaweza kwenda mbele bila hiyo hati.

Nilirudi na karatasi yangu nimeipigia mstari. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akanivutia kiti. Shauri lenyewe lilikuwa na safari yake ambayo sitawachosha nayo. Mpaka umerudi ulipokuwa.

Watu wengi wangeishia hapo, shamba limepatikana, karatasi zikafungie maandazi. Mimi nilishindwa kuziacha. Niligundua kwamba zile jioni nilizokaa na Sura ya 216 nilikuwa nalala vizuri, na asubuhi naamka na swali. Kusoma kifungu ni kama kusoma chati ya mgonjwa: homa peke yake haikuambii kitu mpaka uone mapigo ya moyo, dawa aliyopewa na saa aliyopewa. Kifungu cha 13 kinakupeleka kwenye kifungu cha tafsiri kule mwanzo, kinakurudisha kwenye sharti, kinakutupa kwenye sheria nyingine kabisa, na muda wote huo unatakiwa uwe umeshika ulikotoka. Hiyo kazi ya kushika ndiyo tunayoiacha tukistaafu. Televisheni haikudai ushike chochote.

Kwa hiyo, baba wa Makambako na wenzako, anzeni na Katiba ya 1977, kwa sababu inasomeka kwa Kiswahili na kila mtu ana jambo lake ndani yake. Msianze Ibara ya 1 kama mnasoma hadithi. Nendeni Ibara ya 24, haki ya kumiliki mali. Someni kijifungu cha kwanza, mtaona haki ile imetolewa "kwa mujibu wa sheria". Someni cha pili kuhusu fidia. Kisha nendeni Ibara ya 30, inayoeleza mipaka ya haki hizo zote, mrudi tena 24. Haitakuwa ile mliyoisoma mwanzo.

Baadaye tafuteni Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Watu hawaijui, nami naipenda kuliko zote, maana ni sheria inayofundisha namna ya kusoma sheria nyingine. Humo ndimo kifungu cha 53 kinapoeleza lini kiongozi amepewa hiari ya kufanya jambo na lini amebanwa alifanye. Ukishakielewa, hata barua ya serikali ya mtaa hutaisoma tena kwa haraka. Halafu angalieni toleo. Nawarudia: angalieni toleo. Sheria zetu zimetolewa upya katika Toleo la Urekebu la mwaka 2023, na namba za vifungu huweza kuhama kutoka toleo moja kwenda jingine.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye hukumu. Zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII. Jumamosi, sokoni tukishamaliza, tunakutana kwangu Uyole, mimi, mama mmoja mwalimu mstaafu na mzee aliyefanya kazi TAZARA. Tunachoma viazi, tunagawana pande mbili, na huruhusiwi kuchagua upande unaoupenda. Hukumu iliyotugombanisha zaidi ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama, ikigawa mali ya wanandoa, iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi kwa maana hiyo? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikatazama sheria ilikusudia kuponya tatizo gani, ikasema ndiyo, ni mchango. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa alishapewa fedha na mumewe za kuanzisha mradi na mahakama ikaona amezitapanya.

Mzee wa TAZARA anasema hiyo ni haki kamili. Mimi nasema majaji walisoma sheria sawasawa, wakawa wakali kupita kiasi kwa mama aliyewafungulia mlango maelfu ya wanawake waliomfuata. Tumelijadili, tukaliacha, tukalirudia. Kila tukirudi yeye anakuja na hoja mpya, nami ninalazimika kuamka mapema kuitafutia jibu.

Sidai kwamba sheria ni dawa ya kusahau. Mimi ni muuguzi, siwezi kuwadanganya. Ripoti ya wataalamu iliyotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa akili kupotea uzeeni, na ndani yake kuna upweke, kutosikia na kutoona vizuri kusikotibiwa. Basi kapimeni macho kwanza, mpate miwani, na msisome peke yenu.

Na ninyi vijana mnaosoma hapa, mzazi wako akikuomba umtafutie hukumu kwenye simu, usimcheke wala usimuulize ana kesi gani. Mpakulie, umchapie kwa herufi kubwa. Akikueleza alichokielewa, msikilize mpaka amalize, kisha mbishie kwa heshima, kwa hoja.