Mamangu alitulia, lakini hakuwa amepona

Juzi dada mmoja wa Kisauni aliniandikia, babake ana Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, usiku halali, agonga milango ataka kurudi kwa mamake ambaye alishafariki zamani. Sasa yuwapewa vidonge vya kumtuliza na ndugu zake wataka viongezwe, aniuliza akubali? Nilisoma ile meseji jikoni nikapakua mbaazi huku machozi yanitoka, maana hayo hayo yalinipata mimi hapa Majengo.

Ile miaka ya kusahau funguo na majina siisimulii, mwajua wenyewe. Shida ilianza pale ikifika maghrib tu mamangu abadilika, asema nimemuibia bangili zake, asema kuna watu nyuma ya pazia, siku moja akanipiga na mkongojo wake. Kakangu aliye ng'ambo, ambaye hajamuogesha hata siku moja, akaamua kwenye grupu la WhatsApp kwamba anunuliwe dawa, ikaletwa risperidoni, dawa ya kumtuliza, kutoka duka la dawa bila cheti cha daktari yeyote. Na mimi kwa mkono wangu huu nikampa.

Wiki ya kwanza nililala usiku mzima, wallahi sikumbuki lini tena nililala vile. Wageni wakija, "mashaallah bi mkubwa katulia." Kumbe mate yamtoka, mikono imekakamaa, akitembea aburuta miguu, uji wampalia. Wiki ya tatu akaanguka bafuni. Ule mshindo nausikia mpaka leo.

Daktari tuliyempata baadaye hakuanza na kelele zake, aliuliza mkojo ukoje, apata choo, meno yamuuma? Alipopimwa akakutwa na maambukizi ya mkojo, na choo alikuwa hajapata siku tano! Yani mama alikuwa na maumivu, hana maneno ya kuyasema tena, na sisi tukamnyamazisha. Hilo bado laniuma.

Ndio akanieleza, hizi dawa za aina ya risperidoni zilitengenezewa magonjwa ya akili kama skizofrenia. Mwaka 2005 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza ziwekewe onyo kali kwa wazee wenye dimenshia, yani maradhi ya kupoteza kumbukumbu kama Alzheimer, baada ya kuangalia majaribio 17: kwa muda wa kama wiki 10 walikufa asilimia 4.5 ya waliopewa dawa, na asilimia 2.6 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wengi ni moyo au nimonia. Mwaka 2008 onyo likafika mpaka kwa zile za zamani kama haloperidoli. Hatari ya kiharusi nayo ipo, na mwenye dimenshia ya aina nyingine iitwayo Lewy zaweza kumuumiza vibaya zaidi.

Sisemi ni haramu. Kuna mzee atakayejiumiza au kuumiza watu, au vitu avionavyo vyamtia hofu kubwa, na mengine yote yamejaribiwa, huyo daktari aweza kumpa dozi ndogo, kwa wiki chache, na siku ya kurudi kuangaliwa ijulikane kabisa. Lakini jamani uliza kwanza kwa nini apiga kelele! Pima mkojo, angalia choo, angalia maumivu. Washa taa kabla giza halijaingia, usibishane naye kuhusu marehemu, muulize mamake alikuwa apika nini. Mamangu nikimuuliza hivo hukaa akanieleza samaki wa kupaka mpaka asahau pazia. Na ukishaanza dawa usiikate ghafla, mamangu alipunguziwa pole pole na daktari, na leo ashika kikombe cha chai mwenyewe, kazi hiyo nimeifanya mimi si grupu.

Kwa hivo dada, usikubali kile kidonge cha pili. Mpeleke mzee apimwe, beba pakiti zote za dawa anazokunywa, na mwambie daktari ni lini alianza kubadilika. Ukirudi niandikie, hata iwe saa nane za usiku, mimi na mama huwa macho.