Bodi iwe ya mwisho: nilivyojenga Cruiser ya rimoti kutoka gari la mtumba

Siku ya kwanza kuipeleka Cruiser yangu, Land Cruiser ndogo ya rimoti, Mto Themi hapa Arusha, ilipinduka mara tisa kabla haijafika jiwe la tatu. Madogo waliokuwa wanaosha bodaboda pale walihesabu kwa sauti. Kwa macho haikuwa na kasoro: rangi ya kaki, paa la kunyanyuka kama zile za watalii, keria ya chuma, madumu mawili juu, tairi ya akiba mgongoni. Jioni zangu za miezi minne zilikuwa zimeishia kwenye vitu vinavyoonekana. Ndiyo maana nakwambia mapema: ukinunua gari la rimoti lililotumika ili ulijenge upya, bodi iwe ya mwisho.

Langu nililinunua Njiro, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Ni Axial SCX10, kipimo cha 1/10, yaani sentimita 1 kwake ni sentimita 10 za gari la kweli. Limeundwa kama gari la porini hasa: chasisi ya reli mbili, ekseli nzima mbele na nyuma, propela mbili, na difu zilizofungwa, hivyo tairi ya kulia na ya kushoto zinazunguka pamoja muda wote. Bodi yake ya plastiki ilikuwa imepasuka, nikaitumia hiyo kushusha bei. Usiogope bodi mbovu. Wewe shika tairi moja uitikise. Ikicheza sana, beringi zimekwisha. Kisha zungusha taratibu kwa mkono ukisikiliza. Kukwaruza kunakojirudia kila mzunguko mara nyingi ni jino la gia lililokatika. Ulizia na rimoti yake, maana risiva, kile kipokezi cha mawimbi ndani ya gari, haisikilizi rimoti yoyote tu unayoiokota nyumbani.

Ukifika nalo nyumbani, lifungue lote. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga, linaingia hadi ndani ya beringi. Zangu nilizisuuza kwa petroli, nje, mbali na jiko, zikakauka, nikatia kila moja tone la mafuta ya cherehani. Ndani ya difu weka grisi. Shokapu zinataka mafuta ya silikoni. Ya injini yanaweza kuvimbisha vile vipete vya mpira vinavyozuia mvujo, shokapu ikaanza kukwama. (Nilijaribu. Usinifuate.) Skrubu inayoingia kwenye chuma ipake gundi ya nati kidogo. Inayoingia kwenye plastiki iache, gundi hiyo inaipasua plastiki.

Kwenye mota nilifanya ujinga wangu wa pili: niliweka ya kasi. Gari la kupanda mawe linatakiwa litambae, kama Cruiser inayoteremka kreta ya Ngorongoro kwa gia nzito. Mota za brashi za ukubwa wa 540 hutajwa kwa idadi ya mizunguko ya waya ndani yake, na namba ikipanda, mwendo unashuka. Nilitoka 13 nikaenda 35, gari likaanza kunitii. Unapoifunga, chomeka kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia ndogo ya mota na ile kubwa, zisukume zibane, kaza skrubu, kisha zungusha gia ili karatasi itoke. Nafasi inayobaki inatosha.

Turudi kwenye keria. Fundi wa kuchomelea kule mtaa wa Unga Limited aliniuliza, “Kaka, hii ni ya mtoto?” Nikamjibu ni yangu. Akacheka, akaniungia keria imara ya kubeba tofali. Baada ya aibu ya mtoni niliipima kwa mizani ya jikoni: pamoja na madumu, gramu 340, zote zimekaa juu kabisa. Nikaliweka gari kwenye ubao, nikainua upande mmoja polepole huku mwanangu ameshika protrakta yake ya shule. Likaanguka kwenye nyuzi 34. Nilipoivua keria na kuhamisha betri kutoka nyuma kuja mbele, chini kabisa karibu na mota, likafika 43. Fanya kipimo hiki kabla ya kununua chochote. Ni cha bure.

Kilichobaki nilikipata kwa mafundi matairi, wale wanaofanya balansi. Wana vipande vya madini ya risasi vya kubandika ndani ya rimu, kila kimoja gramu 5. Nilivipanga ndani ya rimu za mbele, gramu 60 kila upande, za nyuma nikaziacha tupu. Gari likipanda, uzito wote unakimbilia nyuma na pua inanyanyuka. Ukiweka mzigo mbele, tena chini usawa wa ekseli, pua inabaki imelala. Risasi ni sumu, nawa mikono ukimaliza na watoto wasivichezee.

Tairi zilipokuwa nzito, servo ya zamani ya usukani, ile mota ndogo inayokata kona, ikashindwa kuzigeuza. Nikaweka yenye nguvu zaidi, na hapo gari likaanza kuzima kila lilipobanwa na jiwe. Servo ilikuwa inavuta umeme mwingi kiasi cha risiva kukosa. Fundi redio aliifungia kipunguza volti chake pekee kutoka kwenye betri, kazi ya nusu saa.

Betri ya lithiamu ya seli mbili, volti 7.4, inatosha kabisa. Ukiagizia kwa ndugu anayekuja na ndege, mwambie aibebe mkononi, asiiweke kwenye begi la kupakiwa. Ya mAh 5000 ni kama Wh 37, chini ya kikomo cha kawaida cha ndege cha Wh 100. Ichaji kwa chaja inayosawazisha seli, kwa ampea 5, juu ya sakafu ya saruji, wewe ukiwepo. Seli isizidi volti 4.2 wala isishuke chini ya 3. Kama hutalitumia wiki nzima, iache kwenye 3.8. Ikivimba, imekufa, usiihurumie.

Ndipo bodi. Yangu ni bomba la maji la PVC la inchi 4: unalipasua kwa urefu, unalipasha hadi lilegee, unalibana katikati ya mbao mbili lipoe likiwa bapa, kisha unakata milango na boneti kwa kisu. Lipashe nje penye upepo na usiliache liungue, ule moshi ni mbaya kwa mapafu. Nilitamani kurefusha chasisi kama gereji zetu zinavyorefusha Cruiser za watalii. Nilirefusha sentimita 4, tumbo likawa linagota kila jiwe, nikairudisha.

Keria mpya ni ya vijiti vya mishikaki, nimeipaka rangi nyeusi. Gramu 18. Jumamosi iliyopita tulivuka mawe yote ya Themi na ikapinduka mara moja tu, tena nilikuwa naangalia simu.