Lugha ya Pili Haituongezei Busara

Swali la wiki lilikuwa: mtu akipima mema na mabaya kwa lugha ya pili, huruma yake hupungua? Nasema ndiyo, kwa kiasi. Nisichokubali ni ile furaha ya wanaodai kwamba lugha ya kigeni hutufanya tufikiri vizuri zaidi.

Wanaodai hivyo hupenda kisa cha treni. Treni inawaendea watu watano. Wewe uko darajani na mtu mnene, na ukimsukuma aanguke relini atakufa yeye, watano wapone. Katika utafiti wa Albert Costa, Boaz Keysar na wenzao uliochapishwa mwaka 2014, asilimia 20 ya waliojibu kwa lugha yao walikubali kumsukuma. Kwa lugha ya kigeni wakafika asilimia 33. Ila kisa kilipogeuzwa, ikawa ni kuvuta swichi tu treni ihamie njia nyingine, tofauti hiyo haikuonekana. Sasa, kama lugha ya pili inanoa akili, mbona hainoi kwenye swichi? Mwaka 2017 Sayuri Hayakawa, Keysar na wenzao walichambua zaidi, wakaona kilichopungua ni uzito wa katazo lenyewe, lile la kutomdhuru mtu. Hamu ya kuokoa wengi haikuongezeka.

Mimi halinishangazi. Makatazo tuliyapokea utotoni, kwa sauti za waliotulea, mara nyingine pamoja na kofi. Catherine Harris na wenzake waliwapima Waturuki wanaojua Kiingereza jinsi ngozi inavyotoa jasho: makaripio ya utotoni yaliwashtua zaidi kwa Kituruki. (Ndiyo maana hata mtu mwenye heshima zake huporomosha matusi ya kigeni bila kupepesa macho.)

Ila swali lenu limemtazama anayeamua tu. Mimi ni mkalimani, na ninayemwona kila mara ni yule anayeamuliwa. Anaulizwa kama anahitaji msaada wa lugha, anajibu hapana, pengine kwa kuona aibu. Anaeleza kwamba ndugu yake aliuawa, sentensi fupi fupi, sauti moja, kama anayesoma risiti. Ofisa anayesikiliza kesi yake anaandika tu. Wakikwama kwenye tarehe ndipo naitwa, na mtu yule yule anaanza upya kwa lugha yake. Akifika kwenye jina la marehemu anasita, anaangalia meza, hawezi kuendelea. Ofisa anaweka kalamu chini kabla sijatafsiri hata neno moja. Habari ni zile zile alizokwisha kuziandika nusu saa nyuma.

Kwa hiyo wanaosikiliza kesi za watu wasitosheke na "najua, naweza kujieleza." Kujieleza anaweza, sikatai. Hata hivyo wamwombe aeleze mara moja kwa lugha yake, mkalimani akiwapo, kabla faili halijafungwa.