Maswali yenu ya safari: Liguria kwa miguu, bila gari

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu Liguria, ule ukanda mwembamba wa kaskazini magharibi mwa Italia uliobanwa kati ya milima na bahari, na meseji zikamiminika. Karibu zote zinauliza kitu kimoja: asiye na gari anafikaje huko juu? Nimechagua nne, naanza na ndefu.

Dada shikamoo. Mi ni kijana wa Malindi, Kiitaliano nakijua cha kutosha maana hawa watu nimekua nao hapa kwetu. Kuna familia imenialika Genova mwezi wa tano, ila wao siku za kazi wanashinda kazini, kwa hiyo nina siku nne za peke yangu. Leseni sina. Nataka nipande milima lakini bahari niwe naiona. Wengine wananiambia niende Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani, wengine wananiambia kule ni watu tupu. Unanishauri nini? (Kijana wa Malindi)

Marahaba mdogo wangu. Leseni huna na wala huihitaji, na nakwambia hivi kwa sababu nimekaa hapa miaka na gari sijawahi kuwa nalo. Reli ya pwani inatoka Ventimiglia mpakani na Ufaransa mpaka La Spezia, inapita karibu kila mji wa ufukweni, na Genova iko katikati. Mlima wenyewe unaanzia mgongoni mwa steshoni, unashuka kwenye treni, unavuka barabara, dakika kumi baadae unahema kwenye ngazi za mawe katikati ya mizeituni.

Siku ya kwanza usiende mbali. Pale mjini, Largo della Zecca, kuna behewa linalovutwa na kamba ya chuma kupanda mlima mpaka Righi, wenyeji wanapanda kama daladala tu kurudi majumbani. Ukishuka juu unafuata kuta za zamani za mji zilizojengwa karne ya 17 mpaka ngome ya Forte Sperone, na kama miguu bado ipo unaendelea mpaka Forte Diamante, mita 667 juu ya bahari. Kule upepo unapiga kweli, beba koti hata kama mjini umeacha jua kali. Ukigeuka kusini unaiona bandari yote na meli zimejipanga, ukigeuka kaskazini ni milima imepandana mpaka macho yachoke.

Siku ya pili ndio ninayoipenda mimi, Camogli mpaka San Fruttuoso mpaka Portofino. Treni kutoka Genova mpaka Camogli ni kama nusu saa mpaka dakika arobaini. Nje ya steshoni nunua focaccia, mkate bapa wa mafuta ya zeituni, funga kwenye mfuko, panda ngazi mpaka kanisa la San Rocco. Hapo njia zinagawanyika na hapo uwe makini sana, maana inayopita chini karibu na maji, ile ya Batterie, ina sehemu za kushika minyororo juu ya magenge na kama hujazoea achana nayo, chukua ya juu inayopita msituni kwenye makutano ya Pietre Strette. Mnaishia sehemu moja, San Fruttuoso, ambako barabara ya gari haifiki kabisa, ni miguu au boti. Kuna abasia ya kale, makao ya watawa, imekaa mchangani kabisa, mawimbi yanakaribia kugusa matao yake, na nje kidogo, mita kama 17 chini ya maji, kuna sanamu ya Kristo iliyozamishwa 1954, mikono kainyoosha juu.

Sasa nisikilize hapa. Mwaka wangu wa kwanza nilifika San Fruttuoso alasiri, nimechoka, nimevua viatu, nimeweka miguu kwenye maji, nina hakika narudi na boti. Bahari ikachafuka, boti ikasitishwa, basi. Hakuna lifti, hakuna bodaboda, hakuna wa kumlalamikia. Nikavaa viatu vilivyolowa nikapanda tena kwenda upande wa Portofino, ni saa moja na nusu mpaka mbili, na ile robo ya mwisho nimeitembea kwa tochi ya simu betri ikiwa inaisha. Portofino nayo haina treni, unapanda basi mpaka Santa Margherita Ligure ndio uikute steshoni. Kwa hiyo boti ihesabu kama bahati, usiihesabu kama mpango. Fika San Fruttuoso kabla ya saa nane mchana ili hata ikikataa uwe na mwanga wa kutosha.

Siku ya tatu nenda magharibi, shuka Alassio, ulizia kakanisa ka Santa Croce halafu fuata njia ya Kirumi, Via Julia Augusta, iliyoanza kujengwa mwaka 13 kabla ya Kristo. Hiyo ni nyepesi, unaenda pembeni ya mlima na kisiwa cha Gallinara kiko mbele yako muda wote, unapita makaburi ya Kirumi, unateremkia Albenga ambako treni ipo. Unaingia steshoni hii unatokea steshoni ile, hurudi ulikotoka, na kwangu mimi hiyo ndio raha ya kutokuwa na gari, mwenye gari lazima arudi lilipo.

Na Cinque Terre? Nenda, waliokwambia ni watu tupu hawajadanganya lakini nenda. Zile kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji kushikilia mashamba ya zabibu kwenye mteremko, mtu alizibeba jiwe kwa jiwe, zinastahili kuonwa. Ila nenda katikati ya wiki, treni ya mapema, na usianzie Riomaggiore kama umati wote, shuka Levanto utembee kupitia Punta Mesco mpaka Monterosso, saa mbili na nusu mpaka tatu, na hicho kipande hakilipiwi. Kuanzia Monterosso kwenda Vernazza na Corniglia msimu ukiwa umeanza unahitaji kadi ya hifadhi, yaani tiketi ya kutembea njia hizo, chukua ile yenye treni ndani yake, inafanya kazi kuanzia Levanto mpaka La Spezia bila kuhesabu safari. Via dell'Amore, ile njia fupi ya Riomaggiore kwenda Manarola, ilifungwa 2012 baada ya mawe kuporomoka na kuumiza watu, ikafunguliwa tena 2024, ina malipo yake na unabuku muda. Kandambili acha nyumbani, kule wanapiga faini, na wanafanya vizuri maana waokoaji wamechoka kuwabeba watu.

Habari dada, mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja miaka mitano mwingine bado yuko kwenye kigari. Tunaishi Milano. Kuna njia yoyote huko ambayo sitabeba kigari begani? (Mama wawili)

Nzuri mama, pole na majukumu. Ipo na watoto wataipenda. Zamani reli ya pwani ilikuwa inapita ukingoni kabisa mwa bahari, baadae wakaihamishia ndani ya mlima na yale mahandaki ya zamani yakabaki, sa hivi ni njia ya baiskeli na waenda kwa miguu kutoka Levanto kupita Bonassola mpaka Framura, kama kilomita 6, tambarare. Ndani ya handaki kuna taa na kuna ubaridi, mvalishe mtoto sweta, halafu ghafla ukuta unafunguka na bahari hiyo hapo miguuni, nimewaona watoto wakipiga kelele kusikiliza mwangwi mpaka sauti zikakauka. Anzia Levanto, pumzikieni Bonassola kwenye ufukwe, mkichoka rudini na treni hapohapo Bonassola. Kuna nyingine kama hiyo magharibi, Ospedaletti mpaka San Lorenzo al Mare, kilomita 24, mtatembea kipande mnachotaka.

Dada, jumapili tulipanda na wenzangu kijiji kimoja cha milimani, asubuhi basi tulilipata fresh, jioni ratiba kwenye simu ilisema 17:40, tumesubiri mpaka giza halikuja. Tukaomba lifti kwa mzee mmoja. Shida ilikuwa nini? (Mwanafunzi, Genova)

Shida ni neno moja dogo kwenye ratiba ambalo naamini hamkulisoma. Feriale maana yake siku za kazi, na jumamosi imo. Festivo ni jumapili na sikukuu. Halafu kuna scolastico, hilo basi lipo siku za shule tu, wanafunzi wakifunga shule na lenyewe linapotea, na mabasi mengi ya vijijini yamewekwa kwa ajili ya wanafunzi hao. Lenu la 17:40 nahisi lilikuwa la feriale. Angalia pia 25 Aprili, 1 Mei, 2 Juni na 15 Agosti, hizo zinahesabika kama jumapili.

Mimi siku hizi naanza na basi la mwisho. Kabla sijaangalia njia wala picha wala hali ya hewa, naangalia basi la mwisho la kurudi, natoa saa moja na nusu, huo ndio muda wangu wa kufika stendi, kisha ndio nahesabu kurudi nyuma mpaka asubuhi. Na wakati wa kushuka asubuhi muulize dereva, mwambie "l'ultimo per tornare giù a che ora passa?", yaani la mwisho la kurudi chini linapita saa ngapi, yeye anajua kuliko simu yako na mara nyingi atakukumbuka jioni.

Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igonge kwenye mashine kabla hujapanda, ya kwenye simu uifanyie chek-in, la sivyo kondakta anakuhesabu kama hujalipa. Kukiwa na mgomo siku ya kazi, treni za mkoa kuna zinazohakikishwa saa 12 mpaka saa 3 asubuhi na saa 12 mpaka saa 3 usiku, panga hapo au usiende.

Mie naogopa nguruwe pori, nimeona video wanazurura mpaka mjini. Na nikienda peke yangu mwanamke je? (Bi wa Mombasa, Torino)

Bi mkubwa, nguruwe pori wapo kweli, Genova wanashuka mpaka kwenye mto Bisagno. Ukimkuta simama, ongea kwa sauti ya kawaida, mwachie njia aondoke, na ukiona watoto wao wenye mistari rudi ulikotoka taratibu kwa sababu mama yao yuko karibu. Januari 2022 ilipogundulika homa ya nguruwe ya Afrika huku, kutembea msituni kulipigwa marufuku kwa muda sehemu nyingi, kwa hiyo ukiona tangazo limebandikwa mwanzoni mwa njia lisome.

Peke yangu nimetembea sana na kwenye njia watu wanasalimiana, "salve" inatosha, wazee wa vijijini watakusimamisha wakuulize unatokea wapi na wakupe maji. Kinachonitisha mimi ni mvua. Tarehe 25 Oktoba 2011 Vernazza na Monterosso zilifunikwa na matope mchana mmoja tu, na watu walikufa. Kwa hiyo ukisikia allerta, tahadhari ya hali ya hewa, ya rangi ya chungwa au nyekundu ahirisha, hata kama kwako jua linawaka. Weka kwenye simu apu ya Where ARE U, ukipiga 112 nayo wanaona ulipo bila wewe kujieleza kwa Kiitaliano.

Na kupe, hao ni wengi kuliko nguruwe. Ukirudi nyumbani jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele, ukimkuta mshike na kibano karibu na ngozi umvute moja kwa moja, usimpake mafuta wala spiriti, andika tarehe, na pakianza kutokea duara jekundu nenda kwa daktari na hiyo tarehe.