Mwekezaji anataka asilimia 40

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nakausha dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nina vikaushio vya jua viwili, nafungasha kwenye paketi na kuuza Dar es Salaam kwa oda za simu. Bwana mmoja wa mfuko unaowekeza kwenye kampuni changa anataka kunipa Sh milioni 30 kwa asilimia 40 ya hisa. Karatasi zake zina kifungu kwamba kampuni ikiuzwa, yeye analipwa kwanza. Nisaini?
Msomaji, Kibirizi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usisaini bado.

Milioni 30 kwa asilimia 40 maana yake kampuni yako, hela yake ikishaingia, ameithamini milioni 75. Vikaushio, wateja na jina ulilojenga mpaka leo amevipa milioni 45. Hiyo bei mnaweza kujadiliana. Kinachonitia hofu ni hiyo 40 mara ya kwanza tu. Akija mwekezaji wa pili akachukua asilimia 20, zako 60 zinabaki 48. Wa tatu akichukua kiasi hichohicho, unabaki na 38 na ushee. Hapo wenye sauti ya mwisho ni wengine.

Kifungu cha kulipwa kwanza ni cha kawaida kwa mifuko ya namna hii, lakini kielewe. Tuseme mambo hayakwenda vizuri, kampuni ikauzwa milioni 40. Hamtagawana 60 kwa 40. Yeye anaondoka na milioni 30 zake, wewe unapata 10. Hakikisha imeandikwa kwamba akishachukua hizo, hagusi kilichobaki.

Sasa mjue bwana huyo mwenyewe. Hela anayokupa si yake; amekusanya kwa watu na taasisi, na kwa kawaida anatakiwa kuwarudishia ndani ya miaka 10 hivi. Anajua kampuni nyingi anazoziwekea zitakufa, kwa hiyo anasaka moja itakayolipa mara 10 au 20 ifidie zote. Mwaka 1957 kampuni ya uwekezaji ya Georges Doriot kule Marekani iliweka dola 70,000 kwa watengeneza kompyuta wa Digital Equipment Corporation, na uwekezaji huo mmoja ukafunika mingine yote aliyofanya. Kila mfuko unaota kupata wa kwake.

Kompyuta unaweza kuagiza zitengenezwe zaidi. Dagaa je? Mbalamwezi ikiwaka, vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa, vinalala ufukweni. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Biashara yako ikikua maradufu kila miaka mitatu mimi nakupigia vigelegele, ila yeye ataona umemwangusha. Atakusukuma uajiri, ukodi ghala, ununue gari, wakati mwaloni hakuna kitu.

Lakini usimfukuze. Nimewahi kusimama Kibirizi wingu likashuka ghafla: akina mama wanakimbia na maturubai, wengine wanakusanya kwa mikono, na dagaa waliolowa siku ile wakaenda kwa bei ya chakula cha kuku. Wewe una kitu kinachozuia hasara ile. Hicho kinaweza kuenea Katonga, Ujiji, hata ng'ambo huko Kalemie, Kongo, kwa wakaushaji wanaolipia huduma, wewe ukiwa hujanunua hata debe moja. Kama unachouza ni dagaa, hela ya huyu bwana haikufai. Kama unachouza ni ukaushaji, kaeni mzungumze.

Ukienda upande huo, mwambie asilimia 15, msimalizie zaidi ya 20. Ukibaki na dagaa, mwombe mkopo unaolipwa kwa sehemu ya mauzo ya kila mwezi, na miezi ya ziwa kufungwa malipo yasimame. Akikataa vyote viwili, oda zako za simu zinaendelea kukulisha. Jenga kikaushio cha tatu kwa faida yako.

Kitu kimoja hukuniandikia: umesajili nini BRELA, wakala wa usajili wa biashara na kampuni? Kama ni jina la biashara tu, huna hisa za kumuuzia mtu. Sajili kampuni kwanza. Na karatasi zile zisomwe na wakili uliyemlipa wewe, si yule atakayeletwa na bwana huyo.